Uwanja wa Wasichana ni Kipimo cha Maendeleo

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, akiisha kuivuka nyika kavu ya Taru na kupita Maungu, huona upande wa kushoto mlima wa Sagalla, na nyuma yake kwa mbali vilima vya Dawida vilivyofunikwa na ukungu. Chini ya Sagalla ndipo ulipo mji wa Voi, nao ni mji wa njia panda. Reli ya kwanza ilifika hapo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Tawi la kwenda Maktau na Taveta likajengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya kuchukua askari na mizinga. Na tangu mwaka 2017 reli mpya itokayo Mombasa ina stesheni yake papo hapo.

Watu hupenda kupima maendeleo ya mahali kwa vitu kama hivyo: reli, lami, nyumba za mawe, taa za barabarani. Vipimo hivyo si vibaya, lakini vyaweza kudanganya, maana reli yaweza kupita mlangoni pa mtu miaka 100 bila kumpunguzia mkewe hata mzigo mmoja wa kuni. Kipo kipimo kingine kisichodanganya kwa urahisi, tena hakihitaji mtaalamu wala karatasi. Mtu na aende kwenye uwanja wa shule au wa kijiji saa kumi alasiri, siku ya kazi, aangalie kama wasichana wapo wakicheza mpira.

Mvulana akionekana uwanjani saa hiyo, habari yake haina uzito mkubwa. Yamkini amewatoroka mbuzi. Lakini msichana akionekana hapo, bila mzigo kichwani wala mtoto mgongoni, basi mambo mengi yamekwisha kutengenezwa nyumbani kwao kabla ya filimbi kupigwa.

Saa za msichana

Chukua mfano wa msichana wa miaka 14 akaaye nyanda za chini, karibu na Voi au njiani kwenda Kasigau. Shule hufunguliwa saa kumi. Jua hutua yapata saa kumi na mbili na nusu. Katika muda huo mfupi hana budi kuteka maji, kutafuta kuni, kumwangalia mdogo wake na kuwasha moto wa chakula cha jioni. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, na nyumba ya watu 6 haitoshelezwi na mtungi mmoja. Kama bomba liko umbali wa nusu saa, safari mbili za kwenda na kurudi ni saa mbili kamili. Saa za kuchezea zimekwisha hapo, hata kama baba yake ni mtu mwema asiyemkataza jambo lolote.

Hili ndilo jambo ambalo wazee wa kamati za shule husahau mara nyingi. Hununua mpira, husimamisha nguzo, kisha hushangaa kwamba wasichana hawaji, na husema kwamba wasichana hawapendi michezo. Mpira ulinunuliwa, lakini saa hazikununuliwa. Msichana hapati nafasi mpaka maji yamesogea karibu, au mpaka kaka yake ameshika mtungi mmoja kati ya ile miwili. Hilo la pili halina gharama hata ya senti moja, na pengine ndiyo sababu ni gumu zaidi.

Liko na jambo la mwili ambalo zamani halikutajwa mbele za watu. Msichana aliyevunja ungo, asipokuwa na sodo za kujisitiri siku zake, hakai darasani kwa raha, sembuse kukimbia. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya Kenya ilirekebishwa ili serikali iwape wanafunzi wa kike sodo bila malipo. Ugawaji umekuwa na mapungufu yake, lakini kuandikwa kwa jambo hilo katika sheria ya nchi ni hatua ambayo bibi za wasichana hawa wasingaliweza kuiota.

Maji yako juu, uwanja uko chini

Nchi ya Taita na Taveta ina taabu yake peke yake, inayotokana na umbo la ardhi. Huko juu vilimani, Wundanyi na Mbale na Wusi, mvua hunyesha vizuri, vijito hutiririka, na wenyeji tangu kale wamejua kuchimba mifereji ya kunyweshea mashamba. Lakini mahali tambarare ni haba sana. Kilele cha Vuria kinazidi mita 2,200 juu ya bahari, na mashamba yananing'inia ubavuni mwa milima. Kupata mita 30 za ardhi iliyo sawa ni kazi ya kuuchonga mlima kwa jembe na sururu, tena mpira ukirushwa vibaya huteremka bondeni, na mtu hutumwa kuufuata hadi kwa jirani wa chini.

Kule chini, Voi, Mwatate na Kasigau, ardhi tambarare ni tele. Mtu angeweza kutengeneza viwanja 100 bila kuhamisha jiwe kubwa. Huko kinachokosekana ni maji. Na ajabu ni kwamba mojawapo ya chemchemi kubwa kabisa za nchi, Mzima, imo katika eneo hili hili, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Bomba la kuyachukua maji yake lilijengwa katika miaka ya 1950, nalo husafiri zaidi ya kilomita 200 kwenda kuunywesha mji wa Mombasa. Wenyeji wa sehemu ambazo bomba hilo hupita wamelalamika kwa miaka mingi kwamba huyasikia maji yakipita, wala hawayanywi ya kutosha. Mombasa haina kosa kwa kuona kiu. Lakini anayetaka kujua kwa nini timu fulani ya wasichana huku bondeni ina wachezaji 5 badala ya 7, asianze kwa mwalimu wa michezo. Aanze kwa kuuliza habari za bomba.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii ni hifadhi za wanyama, na ndovu hawasomi mipaka. Katika vijiji vya chini ya Sagalla, ndovu huingia mashambani wakati wa mavuno, na jioni hupita katika njia zile zile ambazo watoto hupita. Mama akimwambia binti yake arudi nyumbani kabla jua halijatua, hamwonei, anamlinda. Sagalla ni mahali palipojulikana ulimwenguni kwa ua wa nyuki: mizinga hutundikwa kwenye waya baina ya nguzo kulizunguka shamba, ndovu akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye ndovu, ambaye huwaogopa nyuki kwa ajili ya macho na mkonga wake, hugeuka na kwenda zake. Shamba husalimika mara nyingi, na asali huuzwa. Lakini njia ya kutoka uwanjani kwenda nyumbani haina ua, kwa hiyo mchezo wa wasichana wa Sagalla sharti umalizike mapema kuliko wa wasichana wa mjini.

Mifano ya nchi za mbali

Si Kenya peke yake iliyojifunza kwamba nchi inayojijenga hujulikana kwa wanawake wake uwanjani. Mwaka 1948, miaka 3 tu baada ya Vita Kuu ya Pili, Michezo ya Olimpiki ilifanyika London. Uholanzi ilikuwa imetawaliwa na majeshi ya Ujerumani kwa miaka 5, na watu wake walikuwa wameonja njaa kali. Kutoka huko alikuja Fanny Blankers-Koen, mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 30. Kulikuwa na watu waliosema kwamba amezeeka, na kwamba mahali pake ni nyumbani pamoja na watoto wake. Alishinda medali 4 za dhahabu: mita 100, mita 200, mita 80 za kuruka viunzi, na mbio za kupokezana vijiti. Aliporudi Amsterdam alipitishwa mjini katika gari la farasi, na majirani zake wakampa zawadi ya baiskeli, wakisema kwa mzaha kwamba sasa asikimbie tena sana.

Japani ilifuata kwa njia nyingine. Nchi hiyo ilikuwa majivu mwaka 1945. Miaka 19 baadaye ilikaribisha Olimpiki mjini Tokyo, na mwaka huo, 1964, mpira wa wavu wa wanawake uliingizwa kwa mara ya kwanza. Karibu timu yote ya Japani ilitoka katika kiwanda kimoja cha nguo, Nichibo, katika mji wa Kaizuka karibu na Osaka. Wasichana hao walifanya kazi mchana, kisha wakafanya mazoezi hadi usiku wa manane. Mwalimu wao, Hirobumi Daimatsu, alikuwa mkali kupita kiasi, na wapo waliomlaumu, wala si bure. Lakini tarehe 23 Oktoba waliishinda timu ya Urusi ya Kisovieti, na taifa zima likajiona limesimama tena. Mjenzi mmoja aliyejenga barabara za Tokyo hakumbukwi kwa jina. Wale wanawake wanakumbukwa.

Safari ya Kenya

Kenya ilipeleka wanamichezo kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956, huko Melbourne, nao walikuwa wanaume watupu. Uhuru ulikuja mwaka 1963. Wanawake wa kwanza walikwenda Mexico mwaka 1968: Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Mwaka huo ndio Kipchoge Keino na Naftali Temu walipoushangaza ulimwengu, na wale watatu hawakuleta medali, kwa hiyo magazeti hayakuwa na mengi ya kusema juu yao. Lakini njia ilikuwa imekwisha kukatwa.

Medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya ilichelewa miaka 28. Ilikuwa fedha, aliyoishinda Pauline Konga katika mita 5,000 mwaka 1996. Dhahabu ya kwanza ilichelewa miaka 40, hadi Pamela Jelimo alipokimbia mita 800 huko Beijing mwaka 2008. Kisha mambo yakageuka haraka. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 Kenya ilipata dhahabu 4. Mbili zilikuwa za Beatrice Chebet, moja ya Faith Kipyegon, na moja tu ya mwanamume. Mwaka huo huo wasichana wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia la mpira wa miguu katika Jamhuri ya Dominika, na wakawa timu ya kwanza ya Kenya, ya kike au ya kiume, kuingia katika Kombe la Dunia la mchezo huo. Waliifunga Mexico mabao 2 kwa 1. Wanaume wa Kenya walikuwa wakilitafuta kombe hilo tangu zamani.

Kwa nini ilichukua miaka 40? Jibu limo katika maisha ya wanariadha wawili. Sabina Chebichi alipata shaba katika mita 800 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwaka 1974, akiwa msichana mdogo, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali katika michezo hiyo. Habari zake zilienea kwa sababu aliwahi kukimbia miguu mitupu, akiwa amevaa shimizi. Alikuwa na kipawa kikubwa, lakini uzazi ulipoingia riadha yake ilikoma mapema. Faith Kipyegon naye alijifungua binti mwaka 2018, akiwa tayari na dhahabu ya mita 1,500 ya mwaka 2016. Alirudi uwanjani, akaishinda dhahabu hiyo tena huko Tokyo mwaka 2021 na huko Paris mwaka 2024. Miguu ya Kipyegon haikuwa na nguvu za ajabu kuliko ya Chebichi. Kilichozidi ni walimu waliomngoja, mapato ya kumtunza, na watu wa nyumbani waliokubali kwamba mama mzazi bado ni mkimbiaji.

Isidhaniwe kwamba mambo yote yamekwisha kunyooka. Agnes Tirop, aliyepata medali za shaba za dunia katika mita 10,000, aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi Oktoba 2021, alipokuwa na miaka 25 tu. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Paris mwezi Agosti 2024, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafa mwanzoni mwa Septemba. Mwanamke akianza kupata fedha kwa miguu yake, wako watu wanaoona kwamba fedha hizo, na hata miguu yenyewe, ni mali yao. Wazazi wanaomfundisha binti yao kukimbia yafaa wamfundishe pia kuweka fedha benki kwa jina lake mwenyewe na kusoma kila karatasi kabla ya kutia sahihi.

Maneno ya wazee

Husemwa vijijini kwamba michezo ya mbio na mpira si desturi ya mwanamke. Anayesema hivyo pengine hajamtazama vizuri mkewe akipanda kutoka bondeni kwenda Dawida na mzigo wa kuni mgongoni. Nguvu za mwanamke wa Kitaita hazikuletwa na mwalimu wa michezo. Zilikuwapo, ila zilitumiwa kwa faida ya kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Katika ngoma ya Mwazindika pia wanawake hucheza, wala hakuna aliyesema kwamba jasho lao ni aibu.

Habari ya mavazi ina uzito wake, hasa katika mji kama Voi ambako Waislamu na Wakristo huishi pamoja. Nayo imepata dawa: tangu mwaka 2014 sheria za mpira wa miguu duniani humruhusu mchezaji kuvaa ushungi, na hakuna sheria inayomlazimisha msichana wa shule kucheza katika kaptura fupi. Suruali ndefu na fulana ya mikono huweza kukimbia vilevile.

Hoja nyingine ni kwamba mchezo hauna faida. Hapo mzazi na atazame bomba la mafuta lipitalo Maungu na Manyani kwenda Nairobi. Kampuni yenye bomba hilo ina timu ya wanawake ya mpira wa wavu iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika zaidi ya mara moja. Idara ya Magereza ina timu yake, na mabenki vilevile. Wachezaji wa timu hizo wengi wamepata ajira kwa sababu ya mchezo, kama wale wasichana wa Kaizuka.

Jinsi ya kuanza kwa gharama ndogo

Kijiji kisicho na fedha kinaweza kuanza na mpira wa pete, mchezo uliozaliwa katika vyuo vya wasichana vya Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 na kuletwa Afrika ya Mashariki na walimu wa kike wa shule. Timu ina wachezaji 7. Kila mmoja ana sehemu yake ya uwanja asiyoruhusiwa kuivuka, na aliyeshika mpira haruhusiwi kukimbia nao wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Ni wachezaji wawili tu wa kila timu wanaoruhusiwa kufunga. Kwa hiyo msichana mwenye mbio nyingi kuliko wote hawezi kushinda peke yake, na msichana mnene au mfupi hupata mahali pa kufaa.

Uwanja una urefu wa mita 30 na nusu na upana wa mita 15 na robo. Mwatate kuna katani nyingi. Basi isokotwe kamba ya urefu huo, ifungwe mafundo mawili ya kuigawa sehemu tatu zilizo sawa, na mistari ichorwe kwa majivu ya jikoni. Pete hufungwa juu ya nguzo kwa kimo cha mita 3 na sentimita 5, nayo fundi wa vyuma huweza kuitengeneza kwa nondo. Upana wake ni sentimita 38. Mpira wa miguu wa namba 5 wafaa kwa kuanzia, kwa hiyo wasichana waweza kuuazima kwa wavulana mpaka wapate wao. Kule vilimani, ambako uwanja kamili haupatikani, mazoezi ya kupasiana na kulenga pete yaweza kufanywa kwenye nusu ya uwanja.

Mchezo una robo nne za dakika 15, pamoja na mapumziko mafupi. Ukianza saa kumi na robo, humalizika yapata saa kumi na moja na nusu, kukiwa bado na mwanga wa kutosha wa kumfikisha msichana wa Sagalla nyumbani kabla ndovu hawajaanza kutembea. Shule ambayo ina tangi la maji hufanya vema ikiwaruhusu wachezaji kuijaza mitungi yao wakati wa mapumziko ya mchana na kuipanga kando ya uwanja. Nao kaka zao, ambao kwa kawaida huja kutazama, wapewe mtungi mmoja mmoja wa kubeba mchezo ukiisha.